Shingo Iliyovunjika

Leo tutazungumza habari za shingo iliyovunjika, na jinsi watu walivyojifunza kuiuguza.

Kwanza, kila mmoja na ashike shingo yake kwa nyuma. Humo mna pingili saba za mfupa. Katikati yake unapita uti wa fahamu, unaopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Mfupa ukivunjika waweza kuunga. Lakini uti ule ukikatika haurudi kama kwanza, na viungo hupooza.

Watu wa Misri walilijua jambo hili zamani sana. Liko gombo lililoandikwa yapata miaka 3,600 iliyopita, ambalo Mmarekani Edwin Smith alilinunua Luxor mwaka 1862. Ndani yake mna habari za wagonjwa 48. Mmoja alianguka kichwa chini, pingili moja ya shingo ikazama katika nyingine. Mwingine pingili yake ilitoka mahali pake. Hakusikia mikono wala miguu, na mkojo ulimtoka wenyewe. Mganga aliandika kuwa ugonjwa huo hautibiwi. Hakuwa mtu mwenye moyo mgumu. Alisema kweli ya wakati wake.

Hukumu hiyo ilidumu maelfu ya miaka. Hata katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918, askari wengi walioumia uti walikufa baada ya majuma au miezi michache. Sasa sikilizeni vizuri. Kilichowaua wengi hakikuwa mfupa. Walilazwa siku nyingi bila kugeuzwa, na kwa kuwa hawakusikia maumivu, ngozi ilioza, vidonda vikachimba mpaka mfupani. Tena mkojo ulizuilika, kibofu na figo zikaingia usaha.

Mwaka 1933 daktari W. Gayle Crutchfield wa Marekani alieleza njia ya kunyosha shingo. Koleo ndogo ya chuma ilishikizwa katika fuu la kichwa, ikafungwa kamba iliyopita juu ya kapi na kutundikwa uzito. Pingili zikavutwa polepole zikarudi mahali pake. Basi mfupa ulipata dawa. Mgonjwa mwenyewe je?

Jibu lilitoka kwa Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939. Tarehe 1 Februari 1944 alianza kuwatibu walioumia uti katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Dawa yake kubwa ilikuwa mikono ya wauguzi. Kila saa mbili, usiku na mchana, mgonjwa aligeuzwa. Ngozi yake ilitazamwa, na mkojo ulitolewa kwa usafi. Kisha alikalishwa katika kiti cha magurudumu, akafundishwa kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ilipofunguliwa London, askari wa zamani 16 waliopooza walishindana kwa upinde na mishale pale Stoke Mandeville. Huo ndio mwanzo wa michezo ya Paralimpiki, ambayo Kenya iliingia mwaka 1972.

Na sisi je? Watu wetu huanguka minazini na miembeni, hupinduka na magari, hujitupa kichwa mbele penye maji machache. Ukimkuta aliyeumia hivyo, usimkalishe wala usimvute mkono. Tazama kama anapumua. Shika kichwa chake kisigeuke, na watu wakaite msaada. Ikilazimu kumwondoa, mwinueni watu wengi kwa pamoja, mmoja akishika kichwa, mkamlaze juu ya ubao. Hospitali watampiga picha, wataifunga shingo isitikisike, na pengine watampasua ili kukaza pingili kwa chuma.

Akirudi nyumbani amepooza, msimwache kitandani kama maiti. Mgeuzeni, msafisheni, mpeni kazi aiwezayo. Uti haujapata dawa ya kuurudisha, lakini mtu huyo aweza kuishi.

Maswali ya darasa:
1. Mganga wa Misri alisema nini juu ya shingo iliyovunjika?
2. Ni nini kilichowaua askari wengi waliopooza?
3. Kwa nini mgonjwa hugeuzwa kila saa mbili?