Tamthilia, Chapa na Usemi wa Watu: Kutoka Dilolo hadi London

Reli ya Benguela ilipounganishwa mpakani Dilolo na njia ya migodi ya shaba mwaka 1931, Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya kambi za wafanyakazi wa Katanga. Dilolo, ambako Kichokwe na Kilunda ndizo lugha za nyumbani, aghalabu Kiswahili hicho hujifunzwa kwa sikio. Anayetaka kujua chimbuko la semi zake hana kamusi ya kihistoria ya kufungua, kama afanyavyo Mwingereza, akakuta humo jina la Shakespeare na mwaka.

Lakini jina hilo nalo lategemea chapa. Shakespeare alifariki mwaka 1616; mwaka 1623 waigizaji wenzake walitoa kitabu cha tamthilia zake 36, ambazo nusu yake hazikuwahi kuchapishwa. Mojawapo ni Julius Caesar, aliyoifasiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Humo mhusika mmoja, akisimulia hotuba asiyoielewa, asema kwamba kwake ilikuwa Kigiriki, nayo kweli ilitolewa kwa Kigiriki! Waingereza wangali wakisema hivyo juu ya jambo lolote lisiloeleweka. Hata hivyo, makarani wa zama za kati walikwisha kuwa na usemi wa namna hiyo kwa Kilatini. Mtunzi aliuokota, mpiga chapa ndiye aliyempa umilikaji.

Katanga haikukosa jukwaa. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi liliigiza kwa Kiswahili cha huko pasipo mswada: waigizaji walipatana juu ya kisa, kisha kila mmoja akatunga maneno yake papo hapo. Mwaka 1986, enzi ya Mobutu, mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo aliousikia kwa Kifaransa wakati wa mlo, ilipoandaliwa firigisi ya kuku, kwamba madaraka huliwa mazima. Swali hilo, ambalo wakati ule halikuwa dogo, walilijibu kwa kutunga mchezo mzima na kuuigiza mbele ya kamera za televisheni. Fabian aliunukuu pamoja na mazoezi yake, akauchapisha mwaka 1990.

Michezo mingi ya kundi hilo haikupata bahati hiyo. Kama semi zake zimo vinywani mwa wachuuzi wa Kolwezi na wapakiaji mizigo wa Dilolo, zimo bila jina wala mwaka, na wazee waliozisikia zikitamkwa jukwaani wanapungua.