Uhalisia wa Barabara Ndani ya Gemu

Mwishoni mwa mwaka 2016 kampuni ya SCS Software ya Prague iliinyoosha California. Gemu yake ya malori, American Truck Simulator, ilikuwa imetoka Februari mwaka huohuo ikiwa na ramani iliyopunguzwa mara 35, yaani kila kilomita 35 za ardhi zilikuwa kilomita moja ya kuendesha. Sasa ramani ikachorwa upya kwa uwiano wa 1:20. Kipande cha Interstate 15 kutoka Barstow hadi Las Vegas, ambacho katika nchi yenyewe ni jangwa la kilomita 250 hivi, kwa hesabu hiyo kinatoka kilomita saba na kufika kumi na mbili na nusu. Lori ni lilelile, lakini aliyerudi nalo barabarani aliona gemu imeongezeka uhalisia.

Imeongezeka nini hasa? Kilomita kumi na mbili na nusu bado ziko mbali mno na 250. Kama uhalisia ni kulingana na nchi, basi ramani zote mbili zimeanguka mtihani na hakuna haja ya kuzilinganisha. Lakini mchezaji yule hakukosea. Alihisi kitu cha kweli, na Kiswahili kina neno la kukitaja, ila tunalitumia ovyo.

Neno hilo wanafunzi wa fasihi wanalijua zamani. Uhalisia ndiyo istilahi ya mkondo wa waandishi wa Ulaya wa karne ya 19 waliotaka riwaya ionyeshe maisha ya watu wa kawaida kama yalivyo, na wahakiki wetu wakaizalisha uhalisiajabu walipokutana na riwaya kama Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Chini yake kuna halisi, tulilolipata kwa Waarabu: kitu safi kisichotiwa kingine, kama dhahabu halisi au samli halisi. Tatizo ni kwamba katika mazungumzo ya kila siku mtu husema “kiuhalisia” akimaanisha “kwa kweli”, na “katika uhalisia” akimaanisha “katika maisha”. Kwa matumizi hayo, gemu yenye uhalisia ingekuwa gemu ambayo ni maisha yenyewe, na gemu ya namna hiyo haipo. Napendekeza tutenganishe. Maisha yenyewe tuyaite hali halisi. Kitu kisichoghushiwa kina uhalisi. Uhalisia tuuache uwe sifa ya kazi iliyotungwa: namna inavyomfanya mtu ahisi, afikiri na aamue kama ambavyo angefanya mbele ya kitu chenyewe.

Kwa barabara za gemu, neno la mwisho, aamue, ndilo lenye uzito. Barabara ni mahali pa kuamua. Nipunguze mwendo? Nihamie njia ya kulia? Natokea hapa au mbele? Kila kibao kimewekwa kwa ajili ya uamuzi fulani, na kimewekwa mahali ambapo uamuzi huo bado una nafasi ya kutekelezwa.

Wengi wakisifia vibao vya gemu husifia usahihi, nao ni jambo zuri lenye jina lake. Chukua kibao cha California kinachoning'inia juu ya njia kwenye fremu ya chuma. Uso wake ni wa kijani, herufi na mpaka ni nyeupe, na fonti ni ile inayojulikana kama Highway Gothic. Ngao ya Interstate ni nyekundu juu na buluu chini. Barabara ya jimbo ina alama ya kijani yenye umbo la sepetu, kumbukumbu ya wachimba dhahabu waliomiminika huko mwaka 1849. Ukiingia Nevada sepetu inakoma, namba inakaa ndani ya ramani ndogo ya jimbo. Utah wana mzinga wa nyuki, Kansas wana ua la alizeti, na Washington wana kichwa cha George Washington kinachotazama pembeni. Mchoraji akichanganya hayo, mwenyeji atagundua mara moja. Hata tarehe inahesabika: California ilianza kuzipa namba njia za kutokea za jimbo zima mwaka 2002, miongo mingi baada ya majimbo mengine, kwa hiyo gemu inayosimulia Los Angeles ya 1992 haipaswi kuzitapakaza namba hizo kwenye vibao vyote.

Lakini usahihi unaweza kukosekana kabisa na uhalisia ukabaki. Grand Theft Auto V ya mwaka 2013, iliyoongozwa na studio ya Rockstar North ya Edinburgh, ina jiji liitwalo Los Santos. Humo hamna Los Angeles kwenye kibao chochote. Kuna Del Perro Freeway inayokimbilia pwani na Route 68 inayokata jangwa, majina ya kubuni yote. Hata hivyo aliyewahi kuendesha gari kusini mwa California anaitambua njia, kwa sababu vibao vya kijani vinamjia pale anapovitarajia na njia zinagawanyika kwa desturi anayoijua. Mikono inafuata kabla hajasoma jina.

Kinyume chake pia kinatokea, na hapa ndipo jambo lenyewe linapokolea: usahihi unaweza kuua uhalisia. Mwongozo wa serikali ya shirikisho ya Marekani kuhusu alama za barabarani, MUTCD, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1935 na kufikia toleo la 11 Desemba 2023, unakadiria kwamba kila inchi moja ya kimo cha herufi inasomeka kutoka futi 30. Herufi ya inchi 16 kwenye kibao cha juu, basi, inasomeka kutoka futi 480, kama mita 146. Lori likienda maili 65 kwa saa linakata mita 29 kila sekunde. Dereva ana sekunde tano za kusoma, kulitafuta jina la mji wake, kutazama kioo cha pembeni na kuanza kuhama njia.

Sasa kiweke kibao hichohicho, sentimita kwa sentimita, ndani ya gemu. Skrini ya kawaida ina pikseli 1920 kwa upana. Tuseme pembe ya kuonea ni nyuzi 75. Kwa umbali wa mita 146, herufi ile ya inchi 16 inapata pikseli tatu na nusu kwa kimo. Haisomeki, ni ukungu mweupe juu ya kijani. Ili ifike pikseli nane, angalau mtu atofautishe a na e, lazima lori lisogee hadi mita 60 hivi, na hapo zimebaki sekunde mbili. Kibao kimepimwa bila kosa, na dereva ameporwa sekunde tatu kati ya tano. Anapitiliza. Anayetaka uhalisia atakuza kibao, atakisogeza nyuma, au atampa dereva ramani ya GPS pembeni mwa skrini. Atapotosha kipimo ili auokoe uamuzi.

Skeli inaleta balaa jingine. Uingereza, kabla ya njia ya kutoka barabara kuu (motorway), pana vibao vitatu vidogo vya buluu vya kuhesabia: chenye mistari mitatu yadi 300 kabla, chenye miwili yadi 200, chenye mmoja yadi 100. Vimepishana yadi 100, yaani mita 91. Euro Truck Simulator 2, gemu ya kampuni hiyohiyo ya Prague iliyotoka mwaka 2012, imepunguza sehemu kubwa ya Ulaya kwa takriban 1:19. Ukivipunguza vibao hivyo kwa kiasi hicho, vitapishana chini ya mita tano, na vyote vitatu vitaenea ndani ya mita kumi. Lori lenye tela, kwa kanuni za Ulaya, hufika mita 16.5. Lingevifunika vyote kwa mpigo mmoja.

Ndiyo maana hakuna gemu ya malori inayopunguza kila kitu. Upana wa njia unabaki, kwa Interstate ni mita 3.7. Mistari iliyokatika inabaki, futi 10 za rangi kisha futi 30 tupu. Lori linabaki na urefu wake na kasi yake. Kinachokatwa ni ardhi iliyo kati ya mji na mji, na saa ya gemu inakimbizwa ili dereva afike Las Vegas saa ambayo angefika kweli. Skeli kwenye gemu hizi, kwa hiyo, haipunguzi kila kitu kwa kiasi kimoja. Ukisoma “1:20”, elewa kwamba ni umbali wa safari tu.

Na umbali ukikatwa, kuna kinachotupwa. Kwenye Interstate 15, karibu na Baker, kuna njia ya kutokea yenye kibao kilichoandikwa Zzyzx Road. Mbele yake hakuna mji. Ni jangwa na kituo cha utafiti. Msafiri wa Las Vegas anakikumbuka kibao hicho kuliko miji kadhaa. Mchoraji mwenye kilomita saba angekuwa na kila sababu ya kukiacha. Mwenye kumi na mbili na nusu anaanza kupata nafasi ya vitu visivyo na faida yoyote zaidi ya kuwapo njiani, na kwa barabara ndefu vitu hivyo ndivyo safari. Nadhani hicho ndicho alichohisi mchezaji wa 2016. Nafasi ya kukaa njiani bila kuamua chochote ilirudi, na uamuzi unaofuata ukapata uzito.

Wapo waliokataa kukata. Test Drive Unlimited ya mwaka 2006, kutoka Eden Games ya Lyon, ilijenga kisiwa cha O'ahu cha Hawaii kikiwa na zaidi ya kilomita 1,600 za barabara. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kisiwa kinaruhusu hilo, bara haliruhusu.

Huku kwetu suala hili si la kinadharia. Vijana wa Tanzania na Kenya wanaicheza sana kwenye simu Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa na Maleo mwaka 2017, na wamevalisha mabasi yake rangi za kampuni za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi kwa ufundi wa kupigiwa mfano, hadi maandishi ya kioo cha mbele. Inawezekana kwa urahisi kwa sababu Indonesia nao wanaendesha kushoto. Ila ukilitoa basi hilo stendi kwenye ramani ya gemu yenyewe, vibao vinakuelekeza miji ya Indonesia. Basi lina usahihi, na barabara ni ya watu wengine.

Barabara yetu ingedai nini? Tuchukue T1, Dar es Salaam hadi Tunduma. Anayesafiri njia hiyo anajua kwamba alama inayotawala ni ya duara nyeupe yenye ukingo mwekundu na 50 katikati, ambayo madereva huiita “hamsini” tu. Kijiji kinaanza, hamsini. Kijiji kinaisha, hamsini iliyopigwa mstari. Katikati kuna tuta, kivuko cha waenda kwa miguu, na labda trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo chini ya mwembe; anayekuja upande wa pili anakuwashia taa kukuonya. Dereva wa basi huamua upya kila kijiji. Kijiji chenye urefu wa kilomita moja kwa mwendo wa 50 kinachukua sekunde 72. Kikipunguzwa kwa 1:20 kinakuwa mita 50, chini ya sekunde nne, na hamsini ya kuingia inagusana na ya kutokea. Hapo mchoraji atalazimika kuchagua: vijiji vichache vyenye urefu wa kutosha, au vyote vikiwa kama nukta. Mimi ningechagua vichache. Ningeibakiza Chalinze, mizani ya Mikese, vibao vya Mikumi vyenye picha ya mnyama na faini ya kumgonga, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kando ya lami, kisha kona za Kitonga bila kupunguza hata moja, kwa kuwa pale dereva wa lori huamua gia yake kabla ya mlima, na akikosea hana pa kurekebishia.

Limebaki la maneno. Tanzania tunasema alama za barabarani, Kenya husikika zaidi ishara za barabarani, na kibao kinaeleweka kote. Istilahi itakuwa na manufaa zaidi tukigawana kazi: alama, au ishara kwa anayependa, iwe ule ujumbe uliowekwa kisheria, kama hamsini, kibao kiwe kile kipande cha bati chenye kimo, herufi na nguzo. Gemu inaweza kuwa na alama sahihi kwenye kibao kibovu, na sasa tunaweza kulisema hilo kwa Kiswahili bila kuzungukazunguka. Usahihi upimwe kwa picha na rula. Uhalisia upimwe kwa kumpa dereva anayeijua njia usukani, kisha kutazama anaanza kupunguza mwendo wapi.

Kwenu mnaochora mabasi: mmeshamaliza kazi ya rangi, na mmeifanya vizuri. Safari ijayo kaeni siti ya mbele, andikeni kila hamsini iko mita ngapi kabla ya nyumba ya kwanza, kisha tuchoreeni barabara.