Riwaya Iliyokosa Rafu: Kusahauliwa na Kurejea kwa Oreo ya Fran Ross

Historia ya fasihi ya Wamarekani Weusi huelezwa aghalabu kupitia kazi zilizopata wasomaji mara zilipotoka. Makala haya yanachunguza kazi iliyokosa bahati hiyo: Oreo (1974), riwaya pekee ya Fran Ross (1935–1985), mzaliwa wa Philadelphia. Hoja yetu ni kwamba ujasiri wa lugha yake ulichangia kuisahaulisha.

Mhusika mkuu, Christine Clark, ni binti wa mama Mweusi na baba Myahudi. Anaondoka Philadelphia kwenda New York kumsaka babaye, na safari yake inafuata kisasili cha Kigiriki cha Theseus. Lakabu yake, jina la biskuti nyeusi yenye krimu nyeupe ndani, ni tusi analotupiwa Mweusi anayedhaniwa kuwa na moyo wa Kizungu. Ross analigeuza kuwa jina la shujaa. Anachanganya Kiingereza cha Weusi, Kiyidi, istilahi za kitaaluma, hata milinganyo ya hisabati. Anaifanyia tashtiti ngono na rangi bila kumwonea haya yeyote.

Wakati haukuwa rafiki. Harakati ya Sanaa za Weusi ilikuwa imeitaka fasihi ijenge umoja na fahari ya asili ya Kiafrika. Mwaka 1976, Roots ya Alex Haley ilivuma kwa kuisaka nasaba hiyo hadi Gambia. Christine naye anasaka nasaba, lakini kwa upande wa Kiyahudi, tena kwa kicheko. Riwaya hiyo haikuwa na rafu ya kuwekwa. Mwaka 1977 Ross alikwenda Los Angeles kuandikia kipindi cha runinga cha mchekeshaji Richard Pryor, ambacho hakikudumu.

Northeastern University Press iliichapisha upya riwaya hiyo mwaka 2000, ikiwa na utangulizi wa mshairi na mhakiki Harryette Mullen. New Directions ikafuata mwaka 2015. Ross hakuishi kuyaona hayo.

Kwa wapangaji wa sera, funzo ni bayana. Soko liliiacha riwaya hii. Uhakiki na uchapishaji wa chuo kikuu ndivyo vilivyoirejesha. Kwa hiyo bajeti ya kuchapisha upya vitabu vilivyoadimika, pamoja na matoleo ya kihakiki, ihesabiwe kuwa sehemu ya sera ya lugha. Kazi inayochanganya lugha isingoje mwandishi afe ndipo ipate msomaji.