Mama, Nitilie: Jina na Chungu katika Barabara ya Tunduma

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anajifunza kutunga, aliniletea shairi lake juu ya wachuuzi wa Tunduma ili nilipitie. Ni tarbia, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vimetulia. Nikaona kila alipomtaja mwanamke auzaye chakula ameandika “mama lishe”. Nilipomwuliza kwa nini hakusema “mama ntilie”, kama wasemavyo watu, alinijibu kwa adabu: “Mwalimu, mizani zinazidi. Mama lishe ni nne. Mama ntilie ni sita, au tano kwa wasioihesabu ile n.” Hesabu yake ni sahihi. Hata hivyo nilimrudishia shairi bila alama, nikamwahidi kwamba nitamwandikia sababu. Hii ndiyo barua yenyewe, na wapenzi wengine wa lugha wanakaribishwa kuisoma.

Sisi wa Igamba tukitaka lami huenda Mlowo. Pale ndipo njia itokayo Kamsamba inapokutana na barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, na pale ndipo shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipoteleka chungu chake cha kwanza. Kabla ya hapo, kwa kumbukumbu yake, msafiri alibeba masurufu yake kutoka nyumbani: viazi vya kuchemsha, magimbi, au ugali uliofungwa katika jani la mgomba. Chakula kilikuwa cha kupewa na mwenyeji. Kukiuza kwa mpita njia lilikuwa jambo la aibu kidogo.

Kilichoiondoa aibu hiyo ni siasa za mbali. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru wake, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake upande wa kusini, ikalazimika kugeukia Dar es Salaam. Barabara yetu, iliyokuwa ya vumbi na kifusi, ikajaa malori kwa ghafla. Masika yalipofika, gari lilizama katika tope hadi ekseli. Dereva na utingo wake wakalala porini siku mbili, siku tatu. Waandishi wa nje waliipa barabara hiyo jina la Njia ya Jehanamu. Shangazi hakulijua jina hilo. Alichojua ni kwamba wanaume wazima, wenye fedha mfukoni, walikuwa wakibisha mlangoni kwake usiku kuomba chochote kilicholala jikoni.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na lami ikafika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kisha ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa rasmi Julai 1976, nayo ikajengewa stesheni hapo hapo Mlowo. Mtu angedhani bomba na reli vingewamaliza wapishi wa barabarani. Haikuwa hivyo. Malori hayakukoma, mabasi yaliongezeka, na abiria wa treni naye hula.

Huko Uingereza, miaka hiyohiyo, kulikuwa na mikahawa ya barabarani iliyoitwa Little Chef, yaani Mpishi Mdogo. Wa kwanza ulifunguliwa mjini Reading mwaka 1958, una viti 11 tu, na mwanzilishi wake, Sam Alper, alikuwa mtengenezaji wa nyumba za kukokotwa na magari. Mikahawa ikaongezeka hadi kupita 400. Bango lilikuwa moja, orodha ya vyakula moja, na watoto waliondoka na pipi ya kijiti. Baadaye barabara kuu mpya zikawachukua wasafiri, vituo vya mafuta vikaanza kuuza vyakula vya haraka, na kampuni ikauzwa mara kwa mara, hata ikamilikiwa na watu wa Kuwait mwaka 2013. Mwanzoni mwa 2018 jina hilo lilikuwa limeondolewa barabarani. Marekani nayo ilikuwa na Howard Johnson's, yenye mapaa ya rangi ya machungwa, zaidi ya 1,000 katika siku zake nzuri. Mkahawa wake wa mwisho, wa Lake George, ulifungwa mwaka 2022.

Nikisoma habari hizo humkumbuka shangazi, kwa sababu barabara yetu nayo ilikuwa na sahani moja. Msafiri wa kutoka Dar es Salaam, katika safari ya zaidi ya kilomita 900, akila Mikumi, akila Ruaha Mbuyuni, akila Makambako au Mlowo, hukuta wali, maharage, mboga za majani na kipande cha nyama kilichopimwa kwa jicho. Kwetu tofauti ilikuwa mchele wa Kamsamba, ambao shangazi aliusifu kuliko wa Kyela, na kwa hilo aligombana na Wanyakyusa wengi. Hakuna kampuni iliyoipanga orodha hiyo. Wala hapakuwa na bango. Jina lilitoka kinywani mwa mteja.

Tulitazame basi jina lenyewe, kwa maana hapa ndipo ninapotofautiana na mshairi wangu. Kitenzi ni tia, kama katika kutia chumvi au kutia nanga. Kauli ya kutendea ni tilia, na l inayojitokeza humo ni ileile ya zaa na zalia, twaa na twalia, kaa na kalia. Wanaisimu wanatufundisha kwamba Kiswahili kiliidondosha l ya kale katikati ya irabu, ikabaki imejificha ikingoja kiambishi cha kuiamsha. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka hawakuidondosha: sisi twasema njaa, wao kwa Kinyanja husema njala, kwa Kibemba insala. Pale Tunduma dereva aliyelalamika kwa l na mpishi aliyeombwa kwa l walielewana bila mkalimani.

Kisha tazama nafsi. Ni- ni mimi mwenye njaa, na -e ya mwisho ni ya ombi. Mama, nitilie. Usemi huu ni wa mtoto mbele ya chungu cha nyumbani, mwenye sahani mkononi. Dereva mwenye ndevu, aliyetoka bandarini siku tatu zilizopita, aliutamka kwa mwanamke asiyemjua, akawa mwana kwa muda wa mlo mmoja. Irabu ya ni- ikamezwa na haraka ya njiani, tukapata ntilie. Mimi mwenyewe, nikienda chuo cha ualimu na sanduku la bati, nililitamka neno hilo kwa shangazi mbele ya matingo sita, na hakuna aliyejua kwamba ni mimi peke yangu niliyekuwa nikimwita mzazi kwa haki.

Majina mengine yalikuwapo, na yana visa vyake. Hoteli tuliitoa kwa Waingereza tukaipokonya vitanda. Ukitaka kulala utaulizia gesti. Mgahawa umetokana na gahawa, matamshi ya Waarabu wa Ghuba, na mkahawa na kahawa. Mbozi nzima inalima kahawa, lakini ingia katika mgahawa wowote wa Mlowo uombe kahawa uone watakavyokushangaa. Utapewa chai. Na basi linaposimama porini abiria huambiwa wakachimbe dawa, ingawa hakuna anayeshuka na jembe.

Lishe ni neno jema. Limetokana na lisha, na lisha na la. Lilikaa kliniki, katika mabango ya afya ya mama na mtoto, na huko linafaa sana. Safari yake hadi barabarani ilipitia miaka migumu. Baada ya vita vya Kagera tuliambiwa tujifunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Sukari ikaadimika, mishahara ikawa haifiki katikati ya mwezi, na wake wa watumishi nao wakateleka vyungu. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na aliyeuza chakula bila kibali aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Katika mji mmoja ambao sitautaja nilishuhudia mgambo wakimwaga sufuria ya maharage yanayochemka. Mwenye sufuria hakulia. Alikusanya mafiga yake akayafunga katika kanga.

Serikali ilipobadili mtazamo, ilihitaji jina la kuandika katika hotuba na fomu, na ntilie halikufaa: ni sentensi nzima, tena ya mtaani. Ndipo likashika mama lishe, na baadaye baba lishe. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho vya shilingi 20,000, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 umewaletea baadhi yao majiko ya gesi. Sitayabeza hayo, moshi uliyaharibu macho ya shangazi kabla ya uzee kuyafikia. Ninachosema ni kwamba katika “mama lishe” aliyeomba ametoweka. Amebaki mhudumu na huduma. Mshairi aliyemweka dereva mwenye njaa katika beti tano, kisha akamnyang'anya sauti katika jina, ameokoa mizani mbili kwa gharama kubwa mno. Aupange upya mshororo.

Kuna sababu nyingine ya kulikimbia neno, nami naijua. Vijana wamekipa kitenzi tia maana ya vijiweni ambayo siiandiki hapa, na mezani siku hizi husema weka.

Mwezi uliopita nilipita Mlowo. Mahali pa shangazi pana kibanda cha bati, jiko la gesi, na binti mwenye aproni.

“Shikamoo mzee. Nikuwekee nini?”

“Marahaba, mwanangu. Nitilie wali.”

Alinitazama kidogo, akainua upawa, akapakua. Mchele ulikuwa wa Kamsamba.