Jumba la Msiri halikuwa la mawe

Bandugu, mkoa wetu wa Lualaba uko na miji mikuu miwili ya falme kubwa za zamani, na wengi wetu tumemaliza univerisite bila kukanyaga hata mmoja. Wa kwanza ni Musumba, kule Kapanga, mji wa Mwant Yav wa Balunda. Wa pili ni Bunkeya, katika teritware ya Lubudi, mji wa Msiri na Bayeke wake. Nikiwauliza wenzangu sababu ya kutokwenda, jibu ni lile lile: "Utaenda kuangalia nini? Kule hakuna majumba. Majumba iko Ulaya, ao Zanzibar."

Mimi nilienda Bunkeya wakati wa kipwa, mwezi wa saba. Nimesoma agronomia, sikusoma historia, kwa hiyo mtanisamehe kama naangalia udongo mbele ya kuangalia mtu. Lakini nadhani Bunkeya inataka mtu wa udongo.

Musumba niseme kwa ufupi, kwa sababu sijafika bado. Balunda hawakuwa na mji mkuu mmoja wa kudumu: kila Mwant Yav mupya alijenga Musumba yake. Wasafiri walioufikia katika karne ya 19 waliandika kwamba mji ulipangwa kwa umbo la kobe, wenye kichwa, miguu na mkia, na kila mkubwa wa ufalme alikuwa na fasi yake ndani ya lile umbo. Wanawake wenye cheo, kama Lukonkesha, walikuwa na makao yao na watu wao. Kwa hiyo mukubwa hakuhitaji ukuta wa mawe kuonyesha cheo chake. Ukijua amelala upande gani wa kobe, umejua yeye ni nani. Mfalme akifa, mji unahama, lakini ramani inabaki kichwani mwa watu. Mtu anayetafuta nyumba ya zamani pale hataiona. Mtu anayeuliza "fasi ya fulani iko wapi?" atajibiwa.

Sasa Bunkeya. Unafuata barabara ya Likasi, halafu unaacha gudro na kula vumbi upande wa kaskazini. Ukifika, usianze kupiga foto. Unapita kwanza kwa wakubwa wa mwami, unajitambulisha, unasema baba yako ni nani na umetoka wapi. Niliposema Mutoshi, muzee mmoja akacheka: "Kwenu munachimba, kwetu tulikuwa tunauzisha." Ni mzaha, lakini ndani yake historia yote ya mji ule iko pale.

Msiri jina lake la kuzaliwa ni Ngelengwa. Alitoka upande wa Tabora, katika Tanzania ya leo, mwana wa Kalasa, mfanyabiashara aliyekuwa akija huku kutafuta mukuba. Kijana akabaki. Katikati ya karne ya 19 akapata nguvu kati ya Basanga na majirani wao, kwa bunduki, kwa ndoa, na kwa kusaidia upande mmoja dhidi ya mwingine. Ufalme wake uliitwa Garenganze. Pembe za tembo, mukuba, chumvi na watumwa vilitoka kwake kwenda pwani zote mbili: mashariki mpaka Bahari ya Hindi, magharibi mpaka Benguela. Bunduki na baruti zikarudi kwa njia hizo hizo. Neno la watumwa silifichi. Kuna watu wanaotaka shujaa bila doa, na kuna Basanga ambao mpaka leo hawataki kusikia jina lake likisifiwa. Wote wana sababu.

Mji wake haukuwa jumba moja. Ulikuwa vijiji vingi vilivyotawanyika kwenye uwanda, chini ya mlima Nkulu, na vingi vilikuwa chini ya mmoja wa wake zake. Hapo ndipo utaona majumba ya wakubwa, kama unataka neno hilo. Mke wa Msiri hakuwa mama wa kupika bukari tu. Alikuwa na watu wake, mashamba yake na boma lake, na alipeleka habari kwa mfalme. Kwa kuoa kutoka kwa machifu waliokuwa chini yake, Msiri aliweka mkoa mzima ndani ya uwanda mmoja. Mmoja wa wake wanaojulikana sana ni Maria da Fonseca, wa damu ya Kireno na ya Kiafrika, aliyetoka upande wa Bihé katika Angola ya leo. Yeye alikuwa mlango wa biashara ya magharibi.

Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika pale tarehe 14 Februari 1886 na akakaa mpaka 1888. Baada yake wengine wakafika, kati yao Dan Crawford. Wote walikuta mji wa miti, udongo wa kichuguu na majani. Walikuta pia mafuvu ya vichwa vya watu yamewekwa juu ya miti ya boma. Hayo nayo yalikuwa mapambo ya jumba, ya kuogopesha mgeni. Yalitumika vizuri pia Ulaya baadaye, kuonyesha kwamba mtu huyu alistahili kupigwa.

Nilisimama pale chini ya Nkulu na kuangalia. Jicho la mtalii halioni kitu: nyasi, mihogo, njia ya baiskeli. Lakini fasi ambapo watu wengi wameishi miaka mingi, udongo haurudi kuwa ule wa zamani. Majivu, mifupa, mavi ya mbuzi na takataka za jikoni zinaacha fosforo, na fosforo haisombwi na mvua haraka kama nitrojeni. Katika udongo wetu mwekundu wa Katanga, ulio na asidi na maskini wa fosforo, mabaki ya namna hiyo ni mali. Mama mmoja alinionyesha kipande cha shamba ambapo mahindi yake yanakuwa marefu kuliko ya jirani. Hakusema ni kwa sababu ya Msiri. Alisema tu, "Pale kulikuwa nyumba za watu wa zamani." Sikupima udongo wake, sina haki ya kusema zaidi. Ila mkulima anajua vile.

Na sasa nifike kwenye lile ninaloliona halisemwi vya kutosha: mji ule uliangushwa na njaa mbele ya kuangushwa na bunduki.

Mwaka wa 1891 Basanga waliasi, kufuatia kuuawa kwa mwanamke wa kwao. Njia za biashara zikafungwa, vijiji vikachomwa, watu wakakimbia mashamba. Angalieni kalenda ya kilimo ya kwetu. Mvua inaanza mwezi wa kumi ao wa kumi na moja. Mahindi mabichi ya kwanza unayala mwezi wa pili, mavuno yenyewe ni baadaye. Mwezi wa kumi na mbili, ghala la mwaka jana limeisha na shamba jipya halijatoa kitu. Hata mwaka wa amani, Desemba ni mwezi wa kufunga mukanda. Mwaka wa vita, ni mwezi wa kufa.

Ni mwezi huo huo ambao msafara wa kapteni William Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II, ulifika Bunkeya: tarehe 14 Desemba 1891. Msiri alikuwa amewakatalia Waingereza waliokuja mwaka mmoja mbele, na aliwakatalia hawa pia. Stairs akapandisha bendera ya Leopold bila ruhusa yake. Msiri akahamia kijiji cha jirani, Munema. Tarehe 20 Desemba, Omer Bodson, ofisa Mbelgiji, alimpiga risasi huko, na yeye Bodson akapigwa na mtu wa Msiri, akafa. Kichwa cha Msiri kilikatwa. Yule aliyelaumiwa kwa kuweka vichwa juu ya miti, chake nacho kikaingia katika hadithi hizo hizo.

Halafu washindi wakakuta hawana cha kula. Daktari wa msafara, Joseph Moloney, ameandika kitabu juu ya safari hiyo, na ndani yake njaa ya Bunkeya imejaa. Wapagazi wengi, waliotoka Zanzibar na pwani wakiwa wazima, walikufa kwa njaa na ugonjwa katika mji mkuu wa mfalme tajiri. Stairs mwenyewe alikufa njiani akirudi, mwaka wa 1892, huko Chinde. Maria da Fonseca aliuawa, akituhumiwa kumsaliti mume wake. Mwana wa Msiri, Mukanda Bantu, alikubali bendera, na watu wake wakahama Bunkeya wakaenda kuishi karibu na kituo cha serikali upande wa Lofoi. Kiti kilirudi Bunkeya baadaye.

Kwa hiyo mtu akiniambia majumba ya Bunkeya yalipotea kwa sababu yalikuwa ya majani, namkatalia. Tuchukue majumba mawili ya wakati ule ule. Kasubi, Uganda: Kabaka Mutesa I alilijenga mwaka wa 1882 kwa miti, matete na majani, akazikwa mule mwaka wa 1884. Lilisimama zaidi ya miaka mia moja. Kwa nini? Kwa sababu kuna ukoo ambao kazi yake ni kuezeka, unaitwa Ngeye, na kazi hiyo inarithiwa. Mwaka wa 2010 moto ulilichoma. Walilijenga tena, na mwaka wa 2023 UNESCO ikalitoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Halafu Beit al-Ajaib, Zanzibar: Sultani Barghash alilijenga mwaka wa 1883, mawe, nguzo za chuma, mnara wa saa. Sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Mawe yalianguka, majani yamesimama. Bunkeya ilikosa waezekaji kwa sababu waezekaji walikuwa wamekufa njaa ao wamehamishwa.

Hata hapa kwetu Mutoshi, zamani Ruwe, iko hivyo. George Grey alipozunguka kuanzia 1899 kutafuta madini kwa ajili ya Tanganyika Concessions, mashimo ya zamani ya wafuaji wetu yalimwonyesha fasi ya kuchimba. Na kuna mmea mdogo wa maua ya zambarau, Haumaniastrum katangense, unaoota kwenye udongo wenye shaba nyingi. Watafiti waliona kwamba unaota pia mahali palipokuwa tanuru za kuyeyushia mukuba, na wakautumia kupata tanuru hizo. Mie naukata kila siku kwa kiatu nikienda kazini. Sasa tingatinga ikipita juu yake siku moja tu, tanuru, ua na habari vinaenda katika lori moja. Sisi wa agronomia tunaitwa kupanda miti baada ya mgodi kufungwa. Hatuitwi mbele yake, kusema: hapa pana ua hili, ngojeni kidogo.

Bayeke hukusanyika Bunkeya tarehe 20 Desemba kumkumbuka Msiri. Kama asosiasyo inataka kupanga safari, tuchague kipwa, kwa sababu Desemba barabara ni matope. Mbele ya kuondoka nilimuuliza yule muzee swali la fundi tu: majani ya kuezekea wanakata mwezi gani? Akanitazama kama mtu ambaye ameulizwa hatimaye kitu cha maana. "Mwezi huu," akasema, "mbele moto haujapita." Akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha matita aliyokuwa amefunga tayari.