Nyama ya wagyu: Mteja hulipia nini hasa?

KATIKA maduka ya nyama ya Marekani yanayoagiza wagyu kutoka Japani, ratili moja ya nyama hiyo, yaani gramu 454, kuuzwa kwa dola 100 au zaidi si jambo la ajabu. Kwa fedha hizo mnunuzi angeweza kubeba kilo kadhaa za nyama nzuri ya kawaida na familia ikala kwa siku nyingi. Hivyo si ajabu walaji wengi kujiuliza iwapo nyama hiyo ina thamani inayodaiwa, au ni jina tu linalouzwa.

Thamani ipo, lakini hupatikana katika kiasi kidogo cha nyama, iliyokatwa na kupikwa inavyostahili, na yenye hati inayoonyesha ilikotoka. Nje ya hapo, mara nyingi mteja hulipia neno.

Neno lenyewe lina maana nyepesi. "Wa" ni ya Kijapani, na "gyu" ni ng'ombe. Hata hivyo, si kila ng'ombe anayefugwa Japani huitwa hivyo. Jina hilo ni la koo nne tu, na ukoo wa ng'ombe weusi ndio unaotawala kwa zaidi ya asilimia 90. Tangu mwaka 2007 miongozo ya serikali ya Japani imetaka jina hilo litumike ndani ya nchi kwa ng'ombe wa koo hizo, aliyezaliwa na kukuzwa Japani. Ng'ombe wa maziwa aliyenenepeshwa nchini humo huuzwa kama nyama ya nyumbani, si wagyu.

Kwa karne nyingi ng'ombe huyo hakuwa kitoweo. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alitoa amri ya kuzuia ulaji wa nyama ya ng'ombe na wanyama wengine kadhaa, na ng'ombe akabaki kuwa mnyama wa kazi, mwenye kuvuta jembe katika mashamba ya mpunga. Mambo yalibadilika bandari ya Kobe ilipofunguliwa kwa wageni mwaka 1868. Wageni hao walitaka nyama, wakaletewa ng'ombe wa eneo la Tajima, na jina la bandari likaambatana na nyama hiyo hadi leo. Mwaka 1872 Mfalme Meiji naye alikula nyama ya ng'ombe hadharani.

Msomaji wa Kiswahili hatakosa kutabasamu akisikia jina la dume lililojenga utajiri wa wafugaji hao. Liliitwa Tajiri, na lilizaliwa mwaka 1939 katika mkoa wa Hyogo. Kwa Kijapani jina hilo halihusiani kabisa na mali. Lakini uchunguzi wa chama cha usajili wa ng'ombe hao ulionyesha kuwa asilimia 99.9 ya majike weusi wa kuzalisha nchini Japani wana damu ya dume hilo.

Sifa iliyowafanya watafutwe ni mafuta. Kwa ng'ombe wengi mafuta hukaa chini ya ngozi na kuzunguka figo, lakini kwa wagyu weusi hupenya ndani ya mnofu wenyewe na kutawanyika kama mishipa myeupe katika jiwe la marumaru. Jedwali rasmi la vyakula la Japani linaonyesha kuwa gramu 100 za nyama ya kiunoni ya wagyu, pamoja na mafuta yake, zina gramu 47.5 za mafuta na gramu 11.7 tu za protini. Katika nyama ya daraja la Prime, lililo la juu kabisa nchini Marekani, mafuta ya ndani ya mnofu kwa kawaida huwa kati ya asilimia 8 na 13. Kwa maneno mengine, anayeagiza wagyu ya hali ya juu anaagiza chakula ambacho karibu nusu yake ni mafuta.

Ila mafuta hayo si sawa na ya bucha ya kawaida. Yana asidi ya oleiki kwa wingi, ile ile iliyomo katika mafuta ya zeituni, na kwa sababu hiyo hulainika katika joto dogo. Ndiyo maana nyama hiyo huelezwa kuwa inayeyuka mdomoni. Maelezo hayo si porojo za wafanyabiashara.

Kuyapata mafuta hayo kunagharimu muda na lishe. Ndama huuzwa mnadani akiwa na umri wa miezi 9 au 10, kisha mnenepeshaji humtunza kwa takriban miezi 20 mingine, hivyo anachinjwa akikaribia miezi 30. Katika muda huo hula takriban tani 4 hadi 5 za chakula cha nafaka, ambacho kwa sehemu kubwa hutokana na mazao yaliyoagizwa kutoka nje, pamoja na mabua ya mpunga. Masimulizi kuwa ng'ombe hao hunyweshwa bia na kukandwa kila siku yamekuzwa mno. Jambo la kweli ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba wafugaji wengi hupunguza kwa makusudi vitamini A katika kipindi fulani cha unenepeshaji ili mafuta yaingie ndani ya mnofu. Upungufu huo ukizidi, ng'ombe huweza kupofuka.

Baada ya kuchinjwa, nyama hupewa daraja, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Herufi A, B au C haihusiani na utamu. Inaonyesha ni kiasi gani cha nyama kinachopatikana kutokana na mzoga, jambo linalomhusu zaidi mwenye bucha kuliko mlaji. Tarakimu 1 hadi 5 ndiyo inayohusu ubora, ikizingatia mafuta ndani ya mnofu, rangi, ugumu wa nyama na hali ya mafuta yenyewe. Kipimo cha mafuta ya ndani kina ngazi 12, na nyama hufikia daraja la 5 kuanzia ngazi ya 8. Kwa hiyo vipande viwili vyenye alama ya A5 vinaweza kutofautiana sana, kimoja kikiwa ngazi ya 8 na kingine ya 12.

Aidha, A5 si adimu kama inavyotangazwa. Uzalishaji umeboreshwa kiasi kwamba katika miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya maksai wa wagyu wanaopimwa Japani hupata alama hiyo. Muuzaji anayetaja A5 pekee bila kutaja ngazi wala mkoa hajamweleza mteja mengi.

Udanganyifu ndio hasara kubwa zaidi. Nyama ya Kobe haikusafirishwa rasmi nje ya Japani hadi mwaka 2012, ilipopelekwa kwanza Macau, na baadaye mwaka huo huo Hong Kong na Marekani. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo, migahawa katika nchi kadhaa ilikuwa ikiuza steki na hata baga za "Kobe". Kobe halisi lazima itokane na ng'ombe wa ukoo wa Tajima aliyezaliwa, kukuzwa na kuchinjwa Hyogo, awe mtamba au maksai, na mafuta yake yafikie ngazi ya 6 au zaidi. Wanaotimiza masharti hayo ni elfu chache tu kwa mwaka, kwa hiyo haiwezekani wajae katika kila orodha ya vyakula duniani.

Japani yenyewe haikusalimika. Mwaka 2013 hoteli kadhaa nchini humo ziliomba radhi baada ya kubainika kuwa orodha zao za vyakula hazikuwa za kweli. Miongoni mwa yaliyofichuka ni nyama ya kawaida iliyodungwa mafuta kwa sindano ili ifanane na ile ya marumaru.

Kuna pia wagyu isiyotoka Japani, na hiyo si lazima iwe ya uongo. Madume manne yalifika Marekani mwaka 1976, na wanyama wengine pamoja na mbegu walifuata katika miaka ya 1990, kabla Japani haijafunga mlango. Mwaka 2020 nchi hiyo ilitunga sheria za kulinda mbegu na viinitete vya ng'ombe hao. Leo Australia ina kundi kubwa la wagyu wa damu kamili, lakini nyama nyingi inayouzwa kwa jina hilo nje ya Japani ni ya machotara, mara nyingi nusu wagyu na nusu Angus au ukoo mwingine. Nyama hiyo inaweza kuwa nzuri sana, na kwa mtu anayependa steki nene ya kushiba huenda ikamfaa zaidi kuliko A5. Kosa ni kuilipia bei ya Japani.

Namna ya kula nayo huamua kama fedha imepotea. Wajapani wengi hawakai mbele ya pande la gramu 400. Huikata nyembamba, wakaichovya katika mchuzi unaochemka au kuigeuza mara moja juu ya bamba la moto, na gramu 100 kwa mtu mmoja hutosha. Atakayeiacha juu ya mkaa kwa muda mrefu kama mbavu za mbuzi, atayatazama mafuta aliyoyalipia yakidondoka motoni. Baga ya wagyu nayo haina utetezi mkubwa. Nyama ikishasagwa, mpangilio wa mafuta katika mnofu huvunjika, na bucha yoyote inaweza kuchanganya nyama ya kusaga na mafuta kwa kiwango inachotaka.

Kwa wanaofuata masharti ya dini, baadhi ya machinjio ya Japani yamethibitishwa kuchinja kwa utaratibu wa halali, na nyama yake hufika katika nchi za Ghuba. Tahadhari inahitajika zaidi kwenye michuzi, kwani mingi ya asili hutiwa pombe ya mchele.

Mnunuzi anayetaka uhakika ana nyenzo moja nzuri. Baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kugundulika Japani mwaka 2001, sheria ya mwaka 2003 ililazimisha kila ng'ombe kupewa namba ya tarakimu 10. Kwa namba hiyo mtu anaweza kutafuta kwenye intaneti mahali ng'ombe alipozaliwa, alipokuzwa na tarehe aliyochinjwa. Mgahawa unaotoza bei ya A5 ya Japani unapaswa kuwa nayo, na kuiomba si utovu wa adabu.

Wakati huo huo, baadhi ya walaji wa Japani wenyewe wameanza kuyakimbia mafuta. Wanatafuta nyama nyekundu ya ng'ombe wa kahawia wanaolisha katika nyanda za Aso, mkoani Kumamoto, au ya ukoo wa pembe fupi wa Iwate. Hao nao ni wagyu halisi, na mara nyingi nyama yao huuzwa kwa bei ya chini kuliko A5 ya ng'ombe weusi.