Vifaru Wasio na Pembe

Vifaru wasio na pembe ni wanyama wa nasaba ya kifaru, wote wakiwa wametoweka, ambao pua zao hazikuota pembe. Wasidhaniwe kuwa tawi lililopotoka. Nasaba hii ilianza bila pembe katika enzi ya Eosini, miaka milioni 50 hivi iliyopita. Pembe zilikuja baadaye sana, katika enzi ya Oligosini.

Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Ni keratini tupu, kama kucha, hivyo huoza na ni nadra kuacha kisukuku. Wataalamu kwa hiyo huchunguza mfupa wa pua: palipokaa pembe huwa pamenenepa na kujaa vinundu. Aceratherium, aliyetambulishwa na Johann Jakob Kaup nchini Ujerumani mwaka 1832, ana mfupa wa pua mrefu, mwembamba na laini. Silaha yake ilikuwa mdomoni, meno mawili marefu ya mbele katika taya la chini.

Jamaa hawa wasio na pembe waliishi maisha tofauti kabisa. Hyracodon wa Amerika Kaskazini alikuwa mdogo, mwenye miguu myembamba ya mbio. Metamynodon alikuwa mzito na mnene wa mwili.

Aliyewapita wote ni Paraceratherium, mmoja wa mamalia wakubwa kuliko wote waliowahi kukanyaga nchi kavu. Clive Forster Cooper alimpa jina hilo mwaka 1911 kutokana na mifupa ya Bugti, Balochistan, katika Pakistan ya leo. Mwaka 1922 msafara wa Roy Chapman Andrews ulipata mabaki mengine Mongolia, na mwaka 2021 wanasayansi wa China walitangaza spishi mpya kutoka Linxia, mkoani Gansu, ya miaka milioni 26.5 iliyopita. Paraceratherium alisimama karibu mita 5 begani na kukadiriwa tani 15 hadi 20, uzito wa tembo dume watatu hivi. Kwa shingo yake ndefu alinyofoa majani ya miti mirefu. Mnyama wa kimo hicho, akishakomaa, huenda alikuwa na wachache mno wa kumtisha.

Dalili za hali hiyo ya kale ya kutokuwa na pembe zingalipo. Majike wengi wa kifaru wa Java hawana pembe, au wana kinundu tu. Kifaru wa India ana pembe, lakini akipigana hutegemea zaidi meno yake makali ya chini. Vifaru wa Afrika, mweusi na mweupe, wamepoteza meno ya mbele kabisa, na kwao pembe ndiyo silaha.